Ukungu wa Bomba Katika Korongo la Kihansi

Korongo la Mto Kihansi, kwenye mteremko wa Milima ya Udzungwa unaotazama Bonde la Kilombero, lina mimea ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa ikinyeshewa kwa mabomba. Anayetoka Mofu, kule bondeni, hufika huko kwa kushika barabara ya Ifakara na Mlimba na kuelekea upande wa Mlimba. Maji ya mto huo huingia Mto Kilombero, na kule Mofu watu huyajua kama mafuriko ya masika yanayolowesha mashamba ya mpunga. Juu korongoni yalikuwa yakijulikana kwa sura nyingine: ukungu wa maporomoko, usiokatika usiku wala mchana, kiangazi wala masika.

Ukungu huo ndio uliotengeneza bustani. Maji yalipopiga miamba yalipasuka kuwa matone madogo mno, na upepo uliosukumwa na uzito wa maporomoko yenyewe uliyatupa pembeni, juu ya miteremko isiyo na miti. Hapo palijitengeneza vipande vya ardhioevu ambavyo kwa jumla havizidi hekta chache. Palitawaliwa na selajinela, mmea mfupi unaotambaa na kufunika mawe kama zulia, pamoja na nyasi na mimea midogo mingine inayonyauka haraka ikikosa unyevu. Ukiinua kipande cha zulia hilo, chini yake unakuta maji yanayotiririka taratibu juu ya jiwe tupu. Udongo ni kidogo sana. Mizizi haina akiba ya maji ya kuitegemea, kwa hiyo kila saa mmea hunywa kilichodondoka saa hiyo hiyo.

Kisha ukaja umeme. Mradi wa Kihansi Chini, wenye uwezo wa megawati 180, ulianza kuzalisha kati ya mwisho wa 1999 na mwaka 2000. Maji huzuiwa na bwawa juu ya korongo, hupitishwa katika handaki na kuangukia mitambo iliyo chini ya ardhi, mteremko wa takriban mita 850. Mto uliokuwa ukipitisha wastani wa mita za ujazo 16 hivi kwa sekunde ulibakiwa na karibu sehemu moja ya kumi katika njia yake ya asili. Maporomoko yakapungua, na upepo wake ukapungua nayo. Mimea ya ardhioevu ilianza kurudi nyuma, na magugu ya mahali pakavu yakaingia.

Wahandisi walikabiliwa na swali la namna ya kuupa mmea unyevu wake, ambalo watunza bustani wa Ulaya walilijibu zamani kwa kioo. Nyumba ya mitende ya Kew, London, iliyokamilika 1848, huifungia ndani hewa yenye joto na unyevu. Mgeni akifungua mlango miwani yake hufunikwa na mvuke papo hapo. Mmea wa Tanzania uliofanikiwa kuliko yote katika nyumba za namna hiyo ni urujuani wa Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliupeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaupa jina la kisayansi la Saintpaulia ionantha. Leo unakaa kwenye madirisha ya nyumba dunia nzima. Lakini huo ni mmea mmoja katika chungu. Huwezi kuezeka korongo zima kwa kioo.

Jibu la Kihansi lilikuwa kuleta unyevu bila kuta. Kufikia 2001 mabomba yalikuwa yametandazwa juu ya vipande vya ardhioevu, yakiwa na vinyunyizio vyenye matundu membamba. Mfumo unaendeshwa na mteremko wenyewe: maji huchukuliwa juu na kushuka, na kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo unaokaribia shinikizo la hewa kwenye usawa wa bahari. Msukumo huo ndio unaopasua maji kuwa ukungu kwenye tundu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Korongo ni refu na lenye mawe yanayoteleza, na pampu inayoharibika huko ingekausha zulia lile kabla fundi hajafika.

Udhaifu wake uko kwenye tundu lenyewe. Chembe ya tope inayopita bila shida katika bomba huziba kinyunyizio, na mto wa milimani hubeba tope kila mvua kubwa inaponyesha. Kwa hiyo kazi ya kila siku ni kuchuja, kukagua na kuzibua. Kasoro ya pili haina dawa: kinyunyizio hulowesha mduara wake tu, na ukungu wake hauna ule upepo wa kuusambaza. Katikati ya mduara selajinela na wenzake waliweza kurudi. Kingoni mimea ya pakavu ilibaki.

Chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa 1996 na asiyepatikana penginepo, hakuachwa kutegemea mabomba peke yake. Mwishoni mwa 2000, vyura 499 walipelekwa Bronx Zoo, New York, wakalelewa katika vizimba vya kioo vyenye vinyunyizio vidogo. Idadi ya waliobaki korongoni iliporomoka ghafla mwaka 2003. Kuvu ya kitridi inayoshambulia ngozi ilipatikana, na tope lililoshuka kutoka bwawani lilitajwa pia. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wametoweka porini, na 2012 uzao wa wale waliosafirishwa ukaanza kurudishwa. Makao waliyorudishiwa yalikuwepo kwa sababu zulia la mimea lilikuwa limeendelea kunyeshewa miaka yote hiyo.

Anayeingia korongoni huomba ruhusa na husafisha viatu kwa dawa, asije akaingiza kuvu au mbegu ya gugu. Msitu wa korongo hilo una pia kahawa ya mwituni, Coffea kihansiensis, iliyopewa jina 2004 na Aaron Davis wa Kew na E. F. Mvungi, Mtanzania. Haijulikani kuota mahali pengine popote.

Kwa upande wa mimea, kazi ya Kihansi imefanikiwa pale ukungu wa bomba unapofika, na si zaidi ya hapo. Gharama ya kuchuja maji na kuzibua vinyunyizio haitaisha muda wote umeme huo utakapozalishwa. Basi iwekwe katika bajeti ya kila mwaka kama inavyowekwa gharama ya kutunza mitambo yenyewe.