Mtaalamu wa Lugha, Mhariri na Mtunga Sheria

Kwa miaka mingi wataalamu wa Kiswahili nchini Kenya wamekuwa wakilalamika juu ya pande mbili: vyombo vya habari kwa kuiboronga lugha, na serikali kwa kuipuuza. Malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kumgeukia mtaalamu mwenyewe na kuuliza: je, aliwapa mhariri na mtunga sheria kitu gani ambacho wangaliweza kukitumia siku walipokihitaji?

Tuanze na elimu. Tume ya Ominde, katika ripoti yake ya mwaka 1964, ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi. Pendekezo hilo lilikuwa jema, lakini somo lilibaki bila mtihani wa taifa, na kisichotahiniwa aghalabu hakifundishwi. Tume ya Mackay ya mwaka 1981 ilipendekeza somo hilo liwe la lazima na litahiniwe, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikapata nafasi ambayo hakikuwa nayo kabla. Ripoti zote mbili zilikitakia Kiswahili mema. Tofauti ni kwamba ya pili ilimwonyesha mtawala jambo la kutenda, na jambo lenyewe liliweza kupimwa.

Bunge linatoa funzo chungu zaidi. Mwezi wa Julai 1974 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya Bunge. Mwaka uliofuata Katiba ilirekebishwa ili miswada iandikwe kwa Kiingereza huku mijadala ikiendelea kwa Kiswahili. Mbunge akawa anasoma kwa lugha moja na kujadili kwa nyingine. Kufikia mwaka 1979 Kiingereza kilikuwa kimerejeshwa katika mijadala pia. Siasa ilikuwa na sehemu yake katika mageuzi hayo, wala si haki kuwatwika wasomi mzigo wote. Lakini lau istilahi za kisheria zingalikuwa zimekusanywa na kukubaliwa kabla ya tangazo hilo, hoja kwamba Kiswahili hakitoshi kwa shughuli za kutunga sheria ingalikosa pa kuegemea.

Kwa upande wa vyombo vya habari, tatizo ni muda. Mtafiti hupima neno kwa miaka. Mhariri hulihitaji kabla ya jua kutua. Chelewa chelewa, wahenga walionya, utamkuta mwana si wako. Ndivyo ilivyokuwa kwa kompyuta: wataalamu walipendekeza ‘ngamizi’ na ‘tarakilishi’, kila kundi likalitetea neno lake, na watumiaji wengi wakabaki na ‘kompyuta’. Neno ‘runinga’, ambalo hunasibishwa na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi na mtafiti wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, lilikuwa na bahati nyingine. Lilikuwa fupi, lilitamkika, na watangazaji na waandishi wa magazeti walilichukua wakalieneza. Neno haliishi kwa sababu limechapishwa jaridani; huishi likitamkwa jioni katika taarifa ya habari.

Kuna kasoro nyingine inayosemwa kwa minong’ono tu: sehemu kubwa ya utafiti juu ya Kiswahili imeandikwa kwa Kiingereza. Mhariri wa gazeti la Kiswahili atakayeitumia kazi hiyo hana budi aitafsiri kwanza, na akiitafsiri vibaya, msomi humcheka. Hapo anayestahili lawama ni nani?

Haimaanishi kwamba msomi awe kipaza sauti cha serikali, au arahisishe matokeo ya utafiti wake hata yapotoke ili yapendeze katika kichwa cha habari. Uhuru wake wa kukosoa ndio unaoupa ushauri wake thamani. Linalodaiwa ni kwamba ushauri uwe na umbo linalotumika: istilahi moja iliyokubaliwa badala ya tatu zinazoshindana, kifungu kilichoandikwa tayari badala ya lalamiko, na maelezo ya Kiswahili yatolewe pamoja na utafiti wenyewe.

Haja hiyo ingalipo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lakini kifungu cha 259 kinasema kwamba pakitokea mgongano baina ya matoleo ya lugha mbalimbali, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Kwa hiyo raia anayeisoma Katiba kwa lugha ya taifa lake ameshika nakala isiyoweza kumtetea pindi nakala hizo zinapotofautiana. Kifungu hicho hakitabadilishwa kwa manung’uniko ya kongamano. Mtunga sheria atahitaji kuonyeshwa matini ya Kiswahili isiyoyumba, ambayo hakimu anaweza kuitolea hukumu, na mhariri atahitaji kuielewa matini hiyo ili awafafanulie wananchi. Kuiandaa ni kazi ya idara za lugha, na inafaa ianze kabla ya tangazo lingine kuwakuta mikono mitupu kama mwaka 1974.