Kinavuta Hewa ya Nje

Tanuri la saruji likiwaka vizuri, gesi inayotoka nyuma yake hubaki na oksijeni asilimia mbili au tatu tu. Usiku mmoja kioo cha kipima gesi kilionyesha 20.9. Fundi wetu mzee akacheka. "Kinavuta hewa ya nje hiki," akasema, akachukua tochi na spana, akapanda ngazi.

Mimi mwanagenzi nilidhani kifaa kimekufa. Kumbe chenyewe hakifi ovyo. Ndani mwake mna vipira viwili vya kioo vyenye nitrojeni, vimening'inia penye sumaku kwa uzi mwembamba mno. Oksijeni huvutwa na sumaku, hivyo huvisukuma kando. Ndiyo mbinu aliyoibuni Linus Pauling huko Marekani mwaka 1940. Kinachougua sana ni njia ya gesi: kichujio huziba kwa vumbi, na bomba la kupashwa moto likipoa, mvuke hugeuka maji, maji yakachanganyika na salfa yakawa asidi. Asidi ikifika kwenye vile vipira, andaa fedha.

Mzee alifunga valvu iliyo karibu na kichujio, akamulika mrija wa kupimia mkondo wa gesi. Gololi iliyomo ndani ilipaswa kuanguka hadi chini. Ikabaki inaelea. Basi akafuata bomba, kiungo kwa kiungo, kwa kidole alichokilowesha mate, mpaka kwenye pampu ndogo ya kutolea maji. Kidole kikahisi ubaridi. Mpira wa pampu ulikuwa umechanika upande wa chini, jicho lisipofika.

Nimemheshimu tangu siku hiyo, ingawa yeye alisema kosa lile lilikuwa jepesi kwa sababu lilijitangaza. Alichokihofia ni ufa wa unywele: oksijeni ni mbili, kioo kinasoma nne, na sumu ya kaboni monoksaidi nayo inasomeka pungufu. Mwendeshaji anapunguza hewa kwa imani kabisa, huku gesi ya kulipuka ikijikusanya kwenye mtambo wa umeme wa kunasa vumbi. Ndiyo maana hakukubali kupitisha gesi ya majaribio nyuma ya kifaa peke yake, kama wavivu tunavyofanya. Aliiingiza kule mwanzo, kwenye kichujio, ipite njia yote.

Saa kumi alfajiri kioo kilisoma 2.6. Kwenye daftari la zamu aliandika maneno mawili: mpira, umebadilishwa.