Kushusha Herufi za Ng'ang'a

Kitambulisho cha taifa cha Kenya huchapisha jina la mwenyewe kwa herufi kubwa tupu, na kwa kuwa makarani aghalabu hunakili majina kutoka humo, orodha ya wakulima wa kahawa wa pande za Thika na Ruiru niliyokabidhiwa niisafishe ilikuwa imeandikwa yote kwa herufi kubwa, tangu majina ya watu hata ya vijiji na aina za mibuni. Haja ya wenye orodha ilikuwa bayana: kila jina lianze kwa herufi kubwa na zifuatazo ziwe ndogo, ili barua zimfikie mkulima katika sura ya heshima.

Njia ya mkato ipo. Excel ina amri ya PROPER, na Python ina title. Zote mbili hushika kanuni moja, kwamba herufi yoyote iliyotanguliwa na kitu kisicho herufi ni mwanzo wa neno. Kwa Kamau na Wanjiku kanuni hiyo haina taksiri. Lakini ukiipitisha juu ya NG'ANG'A itakurudishia Ng'Ang'A, na MURANG'A, kaunti iliyo jirani na Thika, itatoka Murang'A, kwa sababu ritifaa, ambayo hapa ni sehemu ya sauti wala haigawi neno, mashine huihesabu kuwa mpaka. Kumpelekea mtu mzima barua yenye jina lililovunjwa hivyo ni kumvunjia adabu, hata kama aliyelivunja ni mashine.

Kwa hiyo maneno niliyagawanya penye nafasi tupu peke yake, kama ifanyavyo amri ya capwords ya Python, nikaikuza herufi ya kwanza na kuzishusha zilizosalia. Ng'ang'a akapona. Ikabaki orodha fupi ya mustathna, ambayo sharti iandikwe kwa mkono: «wa» ya majina kama la Ngũgĩ wa Thiong'o, isiyostahili kukuzwa, na mbuni wa SL28, uliopewa herufi za Maabara ya Scott, ambao kanuni ingeugeuza Sl28, ilhali Ruiru 11, mbegu waliyopewa wakulima mwaka 1985, hupita salama.

Mashaka makubwa zaidi yamo katika ĩ na ũ za Kikuyu. Katika msimbo wa ASCII, A ni 65 na a ni 97, na tofauti hiyo ya 32 hudumu hadi Z. Basi programu za kale zilijumlisha 32 tu zikaridhika. Lakini Ĩ ni 296 na ĩ ni 297 katika Unicode, nje kabisa ya hesabu hiyo. Hifadhidata ya SQLite, isipoongezewa kitu, hata leo hushusha herufi za ASCII pekee, na NGŨGĨ hutoka humo akiwa ngŨgĨ. Fauka ya hayo, ĩ yaweza kuandikwa kwa alama moja, au kwa i na kiwimbi chake mbalimbali; machoni ni mamoja, lakini mashine huyaona majina mawili, na kubadili ukubwa wa herufi hakuyapatanishi. Sharti maandishi yasawazishwe kwanza, ndipo herufi zishushwe.

Lililo zito kuliko yote ni kwamba njia hii hairudi nyuma. Jina la McMillan, yule mlowezi wa Juja na Ol Donyo Sabuk, likishaandikwa MCMILLAN, hakuna kanuni iwezayo kujua kwamba M ya pili ilikuwa kubwa. Elimu hiyo imekwisha potea. Ndiyo sababu safu ya asili sikuigusa. Niliongeza mbili kando yake: moja ya kuchapia barua, na nyingine ya herufi ndogo tupu, isiyoonyeshwa mtu, ambayo kazi yake ni kulinganisha tu, ili mkulima aliyeandikishwa Thika kwa herufi kubwa na Ruiru kwa ndogo asihesabiwe watu wawili. Majina yaliyoishinda kanuni yalirudishwa kwa wenyewe, wakaulizwa wanavyojiandika.