Kuhesabu Bila Nomino: Tahakiki ya Moja Means One

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hapendi kuonekana akijishughulisha na kitabu chenye michoro mingi na maneno machache. Wenzake watamwuliza kama tenzi zimekwisha. Lakini yako maswali ya sarufi ambayo hujitokeza waziwazi zaidi katika kitabu cha mtoto kuliko katika vitabu vinene, na Moja Means One, kilichoandikwa na Muriel Feelings na kuchorwa na Tom Feelings (Dial Press, New York, 1971), ni kielelezo chake.

Muriel Feelings alipata kufundisha Uganda, naye Tom Feelings alifanya kazi Ghana. Waliwaandikia watoto wa Marekani, hususan wale wenye asili ya Kiafrika, katika kipindi ambacho Kiswahili kilikuwa kimeanza kutukuzwa miongoni mwao. Sikukuu ya Kwanzaa, yenye istilahi za Kiswahili, ilikuwa imeasisiwa mwaka 1966. Michoro ilitunukiwa heshima ya Caldecott mwaka 1972, na kwa haki. Watu waliomo ndani yake wana utu na utulivu, wala hawakuwekwa pale ili mgeni awastaajabie. Hilo halihitaji mjadala.

Mjadala uko kwenye maneno. Kila tarakimu imepewa jina lake la Kiswahili, mchoro, na sentensi ya maelezo. Sentensi hiyo ni ya Kiingereza. Kwa hiyo Kiswahili chote cha kuhesabia ni maneno kumi, na maneno hayo hayagusani na nomino hata moja.

Msomaji wa jarida hili anajua matokeo yake. Kiswahili hakina "mbili" inayoelea hewani: kuna watu wawili, miti miwili, viti viwili, mayai mawili. Umbo tunalolitumia tunapohesabu mfululizo, moja, mbili, tatu, linafanana na lile la ngeli ya N: nyumba moja, nyumba mbili. Mtoto aliyefundishwa mfululizo huo peke yake amefundishwa upatanisho wa ngeli moja, naye hajui. Tena wanyama, ambao waandishi wa vitabu vya kuhesabia huwapenda mno, ndio mtego mkubwa kuliko yote, kwa kuwa ng'ombe kwa umbo ni nomino ya N lakini husema wawili, watatu, wanne, watano, halafu ghafla sita, saba, kisha wanane, kisha tisa, kumi. Sita, saba na tisa tuliyapokea kutoka Kiarabu, nayo hayakubali viambishi. Mtandatu na kenda yamebaki katika lugha ya kale, na fungate imesalia kwa maharusi. Kumi ni la Kibantu, ila lina tabia ya nomino, ndiyo maana twasema makumi. Historia nzima ya lugha imo katika mfululizo huu, na mtoto wa miaka mitano huimudu bila kufundishwa na mtu, mradi ausikie ukiambatana na vitu.

Ukurasa wa mbili unasikitisha zaidi, kwa sababu dawa ilikuwa karibu. Wachezaji wawili wamechorwa wakicheza mchezo ambao kitabu kinauita mankala. Mswahili anauita bao, na bao letu lina kete 64. Kete ni nomino ya ngeli ya N! Kete moja, kete mbili, kete tatu: hapa mfululizo wa kuhesabia na upatanisho wa kweli vinakutana, tena katika mchezo ambao kazi yake ni kuhesabu. Neno moja la Kiswahili lingeugeuza ukurasa huo kuwa somo.

Mwandishi wa tahakiki hii alikiona kitabu hiki kwa mara ya kwanza akiwa mwanafunzi ng'ambo, mikononi mwa mtoto wa jirani. Mtoto alihesabu hadi kumi bila kosa, na baba yake alijaa fahari. Nilipomwomba ahesabu viti vilivyokuwa mezani akasema, "viti mbili, viti tatu." Nilitabasamu kama msomi. Miaka michache baadaye, nyumbani Nairobi, mwanangu mwenyewe aliniambia kwamba mlangoni wapo "watu mbili," na mara hii sikutabasamu.

Haitoshi kusema kwamba ndivyo Nairobi inavyozungumza. Nilikwenda kutazama vitabu vya kuhesabia alivyokuwa amepewa. Kimoja kilikuwa na picha ya paka, tarakimu 3, na neno "tatu" chini yake, basi. Kingine kilikuwa dhahiri kimefasiriwa kutoka Kiingereza, tarakimu kwa tarakimu, na mfasiri hakuona haja ya kuzitaja nomino kwa kuwa kitabu cha asili hakikuzitaja. Kiingereza hakikuwa na sababu ya kuzitaja, maana two haibadiliki mbele ya kitu chochote.

Muriel Feelings aliwaandikia watoto waliokuwa mbali na lugha hii, na alichowapa, yaani jina na fahari, kilikuwa ndicho alichokusudia. Sisi tunawapa watoto wanaoishi ndani yake maneno kumi yale yale, bila hata ile michoro.