Kiungo Kizuri Huonekana Folda Ikihamishwa

Anayetaka kuunda kiungo cha ishara katika Node.js, yaani faili ndogo inayoelekeza kwenye faili nyingine, huandika mstari mmoja tu: fs.symlink, kisha lengo, kisha mahali kiungo kitakapokaa. Wepesi huo ndio unaoficha tofauti kati ya kazi safi na kazi ya kubahatisha. Mkaguzi mwenye haraka huendesha programu, na akiona kiungo kimefunguka, hupitisha. Lakini kiungo cha ishara hakishiki faili yoyote. Kinahifadhi maandishi, njia iliyoandikwa, na mfumo wa uendeshaji huyasoma upya kila kiungo kinapofunguliwa. Ndiyo maana Linux hukubali bila kinyongo kiungo kinachoelekeza kusiko na kitu. Kinachopaswa kupimwa, basi, ni maandishi yale: je, mwandishi alifikiria yatasomwa kutokea wapi?

Chukua programu inayoanzishwa kwenye folda kuu ya mradi, yenye faili mipangilio.json. Mwandishi anataka kiungo chake kikae ndani ya folda ya viungo, kwa hiyo anaandika fs.symlink('mipangilio.json', 'viungo/mipangilio.json'). Kwa macho ni sawa, na amri inapita. Kumbe njia fupi kama hii husomwa kuanzia kwenye folda ambamo kiungo kimo, wala si pale programu ilipoanzishwa, hivyo kiungo hiki kinajielekeza chenyewe na anayekisoma anapata hitilafu ya ELOOP. Lengo sahihi lilikuwa '../mipangilio.json'. Fundi hazikisii nukta hizo. Hukokotoa kwa path.relative(path.dirname(kiungo), lengo), na ukiuona mstari huo ujue mwenye kazi anaijua. Wapo watakaosema njia kamili, inayoanzia kwenye mzizi wa diski, ingemaliza utata wote. Inaumaliza, kwa mashine hiyo moja. Hamisha mradi, au uupachike ndani ya kontena kwa jina jingine la folda, na viungo vyote vinakufa kwa mpigo. Njia kamili inafaa pale lengo lilipo nje ya mradi na halihami, kama folda iliyo chini ya /var/log. Ndani ya mradi ni uvivu.

Ustadi huonekana zaidi pale kiungo kilichopo kinapobadilishwa. fs.symlink haifuti cha zamani. Hurudisha EEXIST, kwa hiyo wengi hutanguliza fs.existsSync. Hapo pana mtego: existsSync hufuata kiungo hadi kwenye lengo, na lengo likiwa limefutwa hujibu kwamba hakuna kitu, ilhali jina bado limeshikwa na kiungo kilichokufa. Amri inayofuata inagonga EEXIST ileile. Habari za kiungo chenyewe huulizwa kwa fs.lstat. Hata kufuta kwanza na kuunda baadaye ni kazi ya wastani, kwa sababu katikati kuna muda ambao kiungo hakipo kabisa. Utaambiwa ni sehemu ndogo ya sekunde. Ni kweli, ila seva yenye wateja wengi hupokea maombi ndani ya muda huo pia, na programu ikikatika baada ya kufuta, pengo litabaki hadi mtu aje kuliziba. Kazi bora huunda kiungo kipya kwa jina la muda ndani ya folda ileile, kisha hukipa jina la zamani kwa fs.rename; kwenye Linux ubadilishaji huo hufanyika kwa hatua moja isiyogawanyika.

Windows ina masharti yake. Hoja ya tatu ya fs.symlink, 'file', 'dir' au 'junction', ina maana huko tu. Ukiiacha, Node hulikagua lengo yenyewe, na lisipokuwepo huchukulia kuwa ni faili; folda itakayoundwa baadaye itakuwa na kiungo cha aina isiyo yake. Viungo vya kawaida pia huhitaji ruhusa ya msimamizi au hali ya wasanidi, la sivyo ni EPERM. 'junction' haihitaji ruhusa hiyo, ila ni ya folda tu na huhifadhi njia kamili, hivyo hapo usimlaumu mwandishi kwa njia ndefu. Msimbo unaodai kufanya kazi kwenye Windows bila kutaja aina wala kushughulikia EPERM, urudishe kwa mwenyewe.