Barza Iliyozibwa: Uhakiki wa Neno na wa Desturi, kutoka Lamu hadi Kitshanga

Katika maandishi yanayohusu nyumba za kale za pwani ya Afrika Mashariki, neno baraza hutajwa mapema na kuachwa mapema. Mwandishi hulitaja anapofika mlangoni, hueleza kwa sentensi moja kwamba ni kikalio cha mawe kilichojengwa kando ya ukuta, kisha huharakisha kuingia ndani, kwenye zidaka na nakshi za chokaa, kana kwamba nyumba huanza baada ya kizingiti. Kamusi nazo hazisaidii sana. Kwa kawaida hutoa maana mbili: mahali pa kukaa na kuzungumza mbele ya nyumba, na mkutano au kikundi cha watu wenye madaraka. Maana hizo huwekwa moja chini ya nyingine, kwa namba, na msomaji huachiwa kazi ya kuziunganisha.

Kiungo chenyewe si cha kutafuta mbali. Mzizi wa Kiarabu b-r-z unahusu kujitokeza, kuonekana, kutoka mahali pa siri na kuja mahali pa wazi. Baraza ni sehemu ya nyumba iliyojitokeza, na mtu aketiye hapo naye amejitokeza mbele ya wenzake. Mkutano ni watu waliojitokeza kwa jambo. Kwa hiyo yeyote anayejadili kuzibwa kwa baraza kwa vioo, mbao au matofali anajadili vilevile kuzibwa kwa maana ya pili, ajue au asijue. Jambo hili ndilo linalokosekana katika mjadala wa sasa juu ya nyongeza zinazofanywa kwenye nyumba za zamani.

Ni haki kuanza na waliofanya kazi ya kwanza. Kitabu cha Usam Ghaidan juu ya mji wa Lamu, kilichotoka mwaka 1975, kilimfundisha msomaji kuifuata nyumba ya mawe kwa hatua: daka lenye vikalio pande zote mbili, tekani inayomzuia mpita njia asione ndani, kiwanda kilicho wazi juu, misana inayofuatana, na mwishowe ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Francesco Siravo na Ann Pulver walifuatisha mwaka 1986 na mpango wa kuuhifadhi mji huo, mwaka uleule ambao Lamu ya kale ilitangazwa rasmi kuwa eneo la hifadhi. Linda Donley naye aliisoma nyumba hiyo kama mpangilio wa heshima na usafi, kutoka nje penye vumbi hadi ndani penye staha. Kazi hizi tatu hazijapoteza thamani. Hata hivyo michoro yao ina hila moja ambayo si kosa la mchoraji bali ni tabia ya mchoro: huionyesha nyumba kama kitu kilichomalizika.

Nyumba ya Mswahili haikuwa hivyo kamwe. Boriti za mikoko hazikuruhusu chumba chenye upana wa kufikia mita 3, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Lakini hakuna kilichozuia kuongeza chumba kingine nyuma, au ghorofa juu, hasa binti alipokaribia kuolewa na baba kutaka abaki karibu. Wikio, kile chumba kinachovuka njia kwa juu na kuunganisha nyumba mbili, ni nyongeza iliyopewa jina. Lugha inapolipa jambo jina lake lenyewe, bila kulielezea kwa maneno matatu, ni ushahidi kwamba jambo hilo limezoeleka. Wahifadhi wanaokasirika kila waonapo ukuta mpya huko Lamu au Unguja wanasahau kwamba wanalinda matokeo ya kuta mpya za karne zilizopita.

Basi swali si kama inafaa kuongeza. Swali ni nyongeza inafanya nini kwa kile ilichokikuta.

Tazama kiwanda kinachofunikwa. Katika nyumba ya Lamu, misana na ndani havina madirisha ya kutosha upande wa njia, wala havikukusudiwa kuwa nayo. Mwanga wote huingia kwa kupitia kiwanda, hupungua hatua kwa hatua, na kufika ndani ukiwa laini. Hewa ya moto hupanda na kutoka kwa njia hiyohiyo. Mwenye nyumba mpya, aliyetoka nchi ya baridi au aliyevutiwa na picha za nchi ya baridi, huweka paa la kioo au la plastiki angavu juu ya kiwanda, apate mahali pa kukaa mvua inyeshapo. Mwanga haupungui sana. Mvua kweli haiingii. Lakini kioo huruhusu jua kuingia na kuzuia joto kutoka, nayo Lamu iko kiasi cha nyuzi 2 tu kusini ya ikweta. Chumba cha namna hiyo huko London kimebuniwa ili kukusanya jua dogo la miezi ya baridi. Huku pwani jua halihitaji kukusanywa. Kinachohitajika ni kivuli, na njia ya kupitisha kaskazi na kusi, na nyumba ya zamani ilikuwa navyo vyote viwili kabla ya fundi wa alumini kufika.

Madhara mengine hayaonekani upesi. Ukuta wa kale umejengwa kwa matumbawe na chokaa, nayo chokaa ni tokeo la matumbawe yaliyochomwa. Ukuta na lipu yake ni ndugu wa damu moja. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hupita katika lipu na kukauka nje. Nyongeza mpya hufungamanishwa na ukuta huo kwa saruji, ambayo haipitishi unyevu kwa wepesi huo. Maji yenye chumvi hubaki ndani, chumvi huganda, na jiwe hupasuka nyuma ya lipu inayong'aa. Nondo zinazowekwa katika zege lililochanganywa na mchanga wa baharini hupata kutu na kuvimba. Baada ya muda mwenye nyumba hulaumu uzee wa nyumba. Huko Zanzibar, ambako Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 na mji wenyewe kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, mambo haya yanafahamika vizuri kwa wataalamu. Kwa mafundi walio wengi saruji bado ndiyo alama ya kazi ya kisasa.

Upande wa istilahi hali ni ya kusikitisha kidogo, na pengine ya kuchekesha. Wenye hoteli na wenye majumba, wakitaka jina la kile walichokijenga, husema chumba cha jua, tafsiri ya neno kwa neno. Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia chumba cha jua hudhani ni chumba kilichokosa paa. Wakati huohuo lugha inalo neno roshani, lililotoka kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya mwanga, na ambalo ndugu zake wanaonekana Jeddah katika madirisha ya mbao yaliyotokeza na kuzungushiwa kimia. Roshani ya Mji Mkongwe ni jibu la zamani kwa haja hiyohiyo: kukaa nje ukiwa ndani, kupata mwanga bila jua, kuona bila kuonwa. Kimia cha mbao huruhusu upepo. Kioo huruhusu kutazamwa tu. Jina la zamani halikushindwa kazi. Lilipitwa kwa sababu anayeuza nyumba hazungumzi na jirani bali na mgeni.

Neno baraza lilisafiri pamoja na misafara hadi bara, na katika Kiswahili cha Kongo ya mashariki likapoteza irabu moja na kuwa barza. Wabelgiji walilichukua hata katika Kifaransa chao cha kikoloni, wakaita barza ile varanda pana ya nyumba za maofisa na walowezi. Neno la Waswahili likarudi kwa Waswahili likiwa limevaa kofia ya kizungu. Katika nyumba za enzi hizo kandokando ya Ziwa Kivu, Bukavu na Goma, barza ndipo raia alipoishia, ndani hakuingia. Ni maana iliyo kinyume kabisa na ile ya Lamu, ambako kikalio cha daka ni cha mgeni kwa heshima.

Kitshanga, katika nyanda za juu za Masisi, barza ni kitu kidogo zaidi: nafasi iliyo chini ya bati mbele ya nyumba ya mbao, yenye benchi moja. Hapo hupokelewa mgeni, hapo huchambuliwa maharagwe, hapo huamuliwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Na hapo pia pamezibwa. Mji huu umepokea wakimbizi wa ndani kwa makundi, hasa tangu mapigano ya mwaka 2007. Mwaka 2013 wenyewe uliungua, mamia ya nyumba kwa siku chache. Ndugu anapofika na watoto watano usiku wa mvua, barza huzungushiwa mbao au turubai na kuwa chumba. Wengine huifanya duka la sabuni na chumvi. Hapa mhakiki anayeshika michoro ya Lamu mkononi na kulalamikia kupotea kwa nafasi ya wazi atakuwa amekosa adabu. Tena kuna kinaya ambacho hakifai kupitwa: Masisi kuna baridi, na chumba cha kioo kingefaa huko kuliko pwani. Lakini kioo kinapelekwa penye joto, kwa sababu huko ndiko kwenye fedha.

Hata hivyo kusema kwamba kuziba kumelazimishwa na haja si kusema kwamba hakuna kilichopotea. Wazee wa jamii za Kivu ya Kaskazini walipounda chombo cha kusuluhisha jamii zao mwaka 1998, walikiita Barza Intercommunautaire. Waliacha neno la ofisi na kuchagua neno la benchi. Chombo hicho kilivunjika katikati ya miaka ya 2000, siasa zilipoingia kati ya waliokaa, na wachambuzi wameandika mengi juu ya sababu zake. Jina lake halijachambuliwa vya kutosha. Linadai kwamba mashauri yasikilizwe mahali ambapo mpita njia anaweza kusimama na kusikiliza, na ambapo asemaye anaonekana uso. Nyumba zisizo na barza zinalea watoto ambao kwao neno hilo litakuwa na maana moja tu, ile ya mkutano wa wakubwa.

Kamusi zitakazotungwa baadaye zinapaswa kuweka umbo la Kongo pembeni ya lile la pwani, bila kuliita kosa, na kueleza matumizi yake. Jambo moja la kuzingatiwa ni kwamba barza ikishazibwa haiitwi tena barza. Huitwa chumba, au duka. Mara nyingi kibao kingine huwekwa nje yake, chini ya ukingo mwembamba wa bati uliobaki, ambapo matone ya mvua hulowesha magoti ya aliyekaa. Kibao hicho ndicho watu hukiita barza.