Mkono wa Mkamuaji

Chukua ndizi iliyoiva vizuri, uisage kwa mashine ya jikoni. Utapata uji mzito. Umimine kwenye kitambaa na ukamue mpaka vidole viume, na bado hutapata maji ya kujaza kikombe. Lakini ndizi za mkungu uleule zikifika mikononi mwa mkamuaji wa Ngara, mkoani Kagera, zikavurugwa pamoja na fungu la nyasi kavu, zitaachia juisi nyepesi, tamu kupita ya muwa, na kwenye nyasi yatabaki machicha tu. Hakuna moto, hakuna kichujio cha kununua, na mara nyingi hata tone la maji halijaongezwa. Nimetazama kazi hii mara nyingi na bado huniacha na mshangao.

Wengi tunaijua rubisi, pombe ya ndizi, ikiwa tayari kwenye glasi au kibuyu, kinywaji chenye rangi ya udongo na povu dogo pembeni. Kagera nzima inaijua. Watu huizungumzia kana kwamba inajitengeneza yenyewe: ndizi zikivundikwa, pombe hutoka. Ukweli ni kwamba kila hatua ina mahali pa kukosea, na anayeivuka hana kipimajoto wala mizani. Ana pua, vidole na kumbukumbu.

Kazi huanzia shambani. Si kila mgomba unafaa. Ndizi za pombe zina ukakasi ambao zikiwa mbichi hukaza ulimi, na mgeni anaweza kudhani ni ndizi mbovu zisizofaa chochote. Ukakasi huo ndio siri yenyewe. Wataalamu wa chakula wanaeleza kwamba tanini zilizomo kwenye ndizi hizi huusaidia mnofu kuachana na maji yake unapovurugwa, jambo ambalo ndizi laini ya mezani hailiwezi. Mkamuaji hakuhitaji kuambiwa habari za tanini. Anajua mgomba upi una maji na upi utamchosha bure, na anajua mkungu ukatwe lini. Pembe za ndizi zikiwa bado kali, kisu kinasubiri. Zikishajaa na kuviringana, mkungu unashuka.

Kisha ni kuvundika. Ngara ni nchi ya vilima, na mji wenyewe uko juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Usiku huko una baridi, na ndizi iliyoachwa uani itaiva inavyotaka yenyewe, hii leo, ile keshokutwa. Kwa hiyo huchimbwa shimo. Ndani huchomwa majani makavu ya migomba mpaka udongo upate joto, halafu shimo linatandikwa majani mabichi, ndizi zinapangwa, zinafunikwa majani tena na udongo juu. Wengine huziweka kwenye uchaga juu ya meko, moshi wa kila siku ufanye kazi. Ndizi inayoiva hutoa hewa ya ethilini, ambayo huivisha zile za jirani, na ndani ya shimo hewa hiyo haina pa kukimbilia. Baada ya siku nne hivi, tano au sita kukiwa na baridi, zote zinatoka za njano pamoja. Shimo likifunguliwa mapema, kitakachopatikana ni wanga usio na sukari. Likichelewa, mnofu unakuwa umelegea kupita kiasi, nao ukivurugwa unageuka kuwa uji ule wa mashine. Mwenye shimo huinama, hupenyeza mkono chini ya majani, hunusa, kisha huamua.

Sasa twende kwenye kukamua, maana hapo ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo.

Ndizi zimemenywa, maganda yamekwenda kwa mbuzi. Kama kazi ni kubwa, ya harusi au ya msiba, huingia kwenye mtumbwi uliochongwa kwa gogo, na wanaume huosha miguu na kuzikanyaga. Kama ni kazi ya nyumbani, beseni na mikono miwili vinatosha. Nyasi zinazotumika ni zile nyembamba na ngumu, zilizokauka, safi, zisizo na harufu ya zizi. Mwanzoni ni vurugu tupu: bonge linateleza, linanata, linang'ang'ania vidole na nyasi zote kwa pamoja. Anayeanza kujifunza huogopa hapo na kutia maji. Akishatia, ameharibu, kwa sababu mnofu hulainika ukaachana kabla haujabanwa, na juisi itatoka chafu na hafifu.

Mwenye ujuzi hatii chochote. Anaendelea kukanda kwa mwendo uleule, akikunja bonge na kulibana, akilikunjua, akilibana tena. Baada ya muda povu jeupe linatokea. Kisha bonge linakuwa zito na la mpira, kama ugali ulioanza kushikana kwenye sufuria. Halafu, na hapa ndipo kila mtu anayetazama hunyamaza, linaanza kutoka jasho. Matone machache pembeni. Mkamuaji habadili mwendo. Mara mkunjo mmoja zaidi, na juisi inajitenga kwa wingi, inaelea juu ya nyasi, inajaa beseni. Kati ya matone ya kwanza na mmwagiko huo kuna muda mfupi ambao hauna saa. Unajulikana kwa ule ukinzani unaopungua viganjani, na hakuna aliyeweza kunieleza kwa maneno ni kiasi gani. Watoto wanafundishwa kwa kuwekewa mikono ndani ya beseni lilelile, wausikie.

Juisi hiyo ya kwanza huchujwa kupitia nyasi mpya. Hapo tu ndipo maji kidogo humwagwa juu ya machicha ili kuosha utamu uliobaki. Sehemu ya juisi hunywewa ilivyo, haina kilevi, na watoto na wasiokunywa pombe huikimbilia. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda na Burundi, wanaiita umutobe na wanaikamua kwa namna hiyohiyo.

Inayobaki hukutana na mtama. Hapa wilaya ya jirani, Biharamulo, inaingia. Ukishuka kutoka vilima vya Ngara kuelekea Nyakahura na Lusahunga, migomba inapungua, nchi inatandazika, mahindi na mihogo inatawala, na mtama unapenda jua la huko. Mtama hukaangwa mpaka upate rangi na harufu, husagwa bila kulainishwa sana, kisha hutiwa kwenye juisi. Unasaidia kuchacha, unaleta rangi na uchungu mdogo unaozuia kinywaji kuwa sharubati. Ukikaangwa sana, rubisi itanuka moshi. Ukikaangwa kidogo, itakosa mwili. Chombo hufunikwa majani ya mgomba na kuwekwa penye joto. Kesho yake kinachemka chenyewe, na anayesikiliza vizuri huweka sikio karibu na mfuniko badala ya kuufungua.

Kwa nchi hii, jambo moja kuhusu ufundi huu lina uzito wa pekee: hautumii kuni nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na Benaco, iliyokuwa kituo tu kando ya barabara wilayani Ngara, ikageuka kuwa moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Kambi za Wanyarwanda zilifungwa Desemba 1996. Kwa miaka hiyo vilima vilivyozunguka vilikatwa miti kwa ajili ya meko, na akina mama wa vijiji vya karibu walitembea mbali kuliko zamani kutafuta kuni. Pombe ya nafaka inahitaji kuchemshwa. Rubisi inahitaji majani makavu ya kupasha shimo na moto wa kukaanga kikapu cha mtama. Mgomba unatoa karibu vyote, hata kifuniko.

Leo malori ya Kigali na Bujumbura yanapita Benaco usiku na mchana, bia za chupa zimejaa madukani, na rubisi bado ina kilabu chake. Inauzwa siku ya pili na ya tatu. Baada ya hapo inageuka kuwa kali na chachu, mnunuzi mzoefu huonja kwa ncha ya ulimi na kurudisha glasi. Kwa hiyo mkamuaji huhesabu nyuma kutoka siku ya gulio: siku ya kuuza, siku ya kuchacha, siku ya kukamua, siku za shimo. Akikosea kwa siku moja tu, hasara ni yake.

Kinachonitia wasiwasi si chupa. Ni mnyauko. Ugonjwa huu wa bakteria uligunduliwa Tanzania mwaka 2006, katika wilaya ya Muleba, na unazipenda hasa baadhi ya ndizi za pombe, kwa sababu wadudu huupeleka kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine. Ndizi zilizoambukizwa huiva kabla ya wakati. Ukizipasua, ndani zina madoa ya rangi ya kutu, na mkono wowote ule utakanda mpaka jioni bila kupata juisi. Dawa ya kunyunyiza hakuna. Kinga ni kuvunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kung'oa mgomba mgonjwa, na kupitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine. Ni kazi ya kuchosha, na inafaulu pale tu majirani wote wanapoifanya. Wakamuaji makini wameanza kuifuatilia mpaka shambani: kabla ya kuuliza bei ya mkungu, wanauliza umetoka kwa nani, na kama huko wanavunja maua.